Muulize Daktari: Baba, baba mdogo, na sasa mimi?

*Daktari, pokea salamu kutoka Luanda, kaunti ya Vihiga. Babangu alikuwa fundi cherehani hapa sokoni. Alianza kubadilika akiwa na miaka 44. Aliwahi kumshonea mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto, kisha akamfokea mteja kwa kulalamika. Baadaye akawa mtu wa hasira ambaye hatukumjua, akitembea anayumba kama mlevi ilhali hakuwa mnywaji. Usiku alitoka akazunguka vichochoroni, majirani wakasema ni mkimbiaji wa usiku, yaani mchawi. Hospitalini tuliambiwa ni Alzheimer, ugonjwa wa kusahau. Alifariki 2016 baada ya kuugua miaka mingi. Nasikia nyanya, mama yake, naye "aliharibika kichwa" kabla ya kuzeeka.*

*Mwaka jana baba mdogo, muuguzi huko Uingereza, alianza mambo yale yale. Madaktari wa London walimpima damu wakasema si Alzheimer, ni ugonjwa wa prioni wa kurithi, kuna nyongeza kwenye jeni iitwayo PRNP. Binamu yangu ametutumia barua hiyo, na tangu ifike nyumbani hakukaliki. Wapo wanaosema alikula nyama ya ng'ombe kichaa huko. Wengine wanasema shangazi ndiye anayewamaliza ndugu zake. Wifi yangu amewakataza watoto wake kula kwetu. Mimi nina miaka 35 na watoto watatu, na juzi nilisahau ufunguo mlangoni usiku kucha. Niende nikapimwe? Na baba tulimwosha kwa mikono mitupu.*

*Mama Watatu, Luanda*

Mama Watatu, pole sana. Wacha nianze na hiyo mikono, maana ndiyo inayowanyima watoto chakula. Kumwosha marehemu, kumlisha mgonjwa, kulala naye kitanda kimoja, kula naye sahani moja: hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoambukiza ugonjwa huu. Wifi yako awaachie watoto waje wale ugali wao.

Tahadhari zipo, ila ni chache. Ninyi wa uzao wa nyanya huyo, na watoto wenu, msichangie wagonjwa wengine damu. Yeyote kati yenu akihitaji upasuaji wa ubongo, wa uti wa mgongo au wa jicho, amweleze daktari mapema, kwa sababu prioni, ile protini iliyoharibika inayoleta ugonjwa huu, hustahimili joto ambalo kwa kawaida hutosha kusafisha vyuma vya upasuaji. Na mgonjwa akifariki, mhudumu wa mochari aambiwe kabla hajaanza kazi yake. Hayo tu.

Sasa hiyo nyama. Ugonjwa wa ng'ombe kichaa, ambao nao ni wa prioni, haukuwa porojo. Mwaka 1996 Uingereza ilitangaza kwamba ugonjwa ule ulikuwa umevuka hadi kwa binadamu, na zaidi ya watu 170 wamekufa nao nchini humo. Lakini nyanya yako aliugulia Uingereza gani? Na babako, aliyeshinda kwenye cherehani yake sokoni Luanda? Ugonjwa uliopita kwa mama ukawapata wanawe wawili, mmoja hapa na mwingine ng'ambo, hauhitaji bucha ya London.

Protini ya prioni unayo wewe, ninayo mimi, imejaa kwenye seli za ubongo na haimsumbui mtu. Maelekezo ya kuitengeneza yako kwenye hiyo jeni ya PRNP, katika kromosomu ya 20. Balaa huanza protini inapojikunja vibaya, kwa sababu iliyojikunja vibaya huzigeuza zilizo karibu nayo zifuate umbo lake, na hizo nazo huzigeuza nyingine, mpaka seli za ubongo zinakufa. Daktari Mmarekani, Stanley Prusiner, ndiye aliyekipa kitu hicho jina la prioni mwaka 1982. Wenzake wengi walimpinga vikali; waliona haiwezekani ugonjwa uenee mwilini bila virusi wala bakteria. Mwaka 1997 akapewa Tuzo ya Nobel, wapinzani wakapunguza sauti.

Ndani ya jeni hiyo kuna kipande kifupi cha herufi 24 ambacho hujirudia mara kadhaa kwa kila mtu. Katika koo fulani kimeongezeka, kama mwandishi aliyenakili mstari ule ule tena na tena bila kujua. Ukoo mmoja mkubwa wa Kiingereza, ambao kosa lake lilielezwa mwaka 1989, una marudio sita ya ziada, yaani herufi 144 zisizotakiwa. Kabla jeni hiyo haijasomwa, watu wa ukoo huo walikuwa wameandikiwa magonjwa tofauti tofauti: huyu Alzheimer, yule Huntington, ugonjwa mwingine wa ubongo. Kwa hiyo siwalaumu waliomwandikia babako Alzheimer. Hata wenye mashine zote walipotezwa njia na ugonjwa huu.

Ugonjwa huu huwapoteza madaktari njia kwa sababu ya mwendo wake. Ugonjwa wa prioni unaojulikana zaidi, ule wa Creutzfeldt-Jakob unaozuka bila kurithiwa, huja kwa kishindo na mara nyingi humuua mtu ndani ya miezi michache. Huu wa nyongeza kwenye jeni unaweza kujivuta hata zaidi ya miaka kumi. Picha ya MRI inaweza isionyeshe lolote zaidi ya ubongo uliosinyaa, na hilo huonekana kwenye Alzheimer pia. Ila kwenye barua yako kuna mambo ambayo yangenishtua mapema. La kwanza ni umri, kwa kuwa Alzheimer ya kawaida huwashika watu baada ya miaka 65. La pili ni kuyumba. La tatu ni ile suruali: fundi wa miaka mingi hasahau mguu wa kulia na wa kushoto, mikono ndiyo iliyokuwa imepoteza ufundi wake. Na hasira zile, kwa mtu aliyekuwa mpole, zinaingia hapo hapo.

Hata hivyo kurithishana peke yake hakutoshi kuamua. Huko Antioquia, Kolombia, kuna ukoo mkubwa ambao watu wake huanza kusahau wakiwa na miaka ya arobaini, na wao wana Alzheimer kweli kweli, kutokana na jeni nyingine kabisa, PSEN1. Dalili zinaweza kufanana hadi zikamchanganya bingwa. Kinachozitenganisha ni kipimo cha damu.

Kosa hili halibagui mwana wala binti. Mzazi aliye nalo humpa kila mtoto uwezekano wa nusu kwa nusu, na kila mimba inaanza hesabu upya. Haliruki kizazi: ikiwa wewe hulina, watoto wako hawawezi kulipata kwako. Na sasa mtazameni huyo shangazi mnayemnyooshea kidole. Si ni mtoto wa nyanya huyo huyo? Basi alizaliwa na hatari ile ile ya babako. Huenda analala kila usiku akijiuliza kama yeye ndiye anayefuata, na ninyi mnamwita mchawi. Mwendeeni kwa heshima, mkiwa na barua hiyo mkononi, mumsomee. Majirani nao waelezwe kwamba babako alitoka nje kwa sababu ubongo wake ulikuwa umeacha kutofautisha usiku na mchana. Chifu akiwapa nafasi kwenye baraza, itumieni.

Je, upimwe? Ufunguo uliosahauliwa na mama wa watoto watatu si dalili ya chochote ila uchovu. Kwa hiyo hili unaliamua ukiwa mzima, bila haraka. Tiba ya kuponya haipo. Kuna majaribio kwa binadamu ya dawa inayodungwa kwenye uti wa mgongo ili ubongo utengeneze protini hiyo kwa uchache, lakini bado ni majaribio. Mmarekani Sonia Vallabh alimpoteza mama yake mwaka 2010 kwa ugonjwa wa prioni wa kurithi, ule unaomnyima mtu usingizi hadi kifo. Mwaka uliofuata akapimwa, akakutwa na kosa lile lile. Alikuwa amesomea sheria. Aliiacha, yeye na mumewe Eric Minikel wakaingia maabara kutafuta dawa. Wapo wanaopata nguvu kwa kujua. Lakini kwenye Huntington, inayorithiwa kwa namna hii hii na iliyo na kipimo kwa miaka mingi, walio wengi huchagua kutopimwa, na siwaoni kuwa waoga.

Ushauri wangu: usipimwe mwezi huu, huku nyumbani kunawaka moto. Muone kwanza daktari wa mishipa ya fahamu pamoja na mshauri nasaha, uende na mtu mmoja unayemwamini, na ujiulize utafanya nini jibu likiwa ndiyo na utafanya nini likiwa hapana. Binamu yako aombe ripoti kamili ya jeni kutoka kliniki iliyompima baba mdogo. Maabara ikijua kosa linalotafutwa, kazi ni nyepesi kuliko kupekua jeni nzima. Watoto wasipimwe. Watakuwa watu wazima, waamue wenyewe. Kaka na dada zako wasilazimishwe kupimwa wala kutangaziwa jibu lako. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za jeni kuwa nyeti, kwa hiyo wala mwajiri, wala chama, wala mchumba wa mdogo wako hana ruhusa ya kuzichukua nyuma ya mgongo wenu.

*Daktari, babangu ana miaka 76, yuko Njoro. Tangu Pasaka anachanganya majina ya wajukuu na analala mchana kutwa. Nimesikia habari za prioni. Ndiyo hii? Alianguka bafuni mwezi mmoja kabla, lakini hakuumia.*

*Kijana wa Nakuru*

Sidhani. Magonjwa yote ya prioni kwa pamoja huwapata mtu mmoja au wawili kati ya milioni kwa mwaka, na ya kurithi ni sehemu ndogo tu ya hao. Mimi nimeshikwa na maneno yako ya mwisho. Mzee akianguka, damu inaweza kuvuja polepole kati ya fuvu na ubongo, na dalili zikaja baada ya wiki kadhaa, hata kama hakukuwa na jeraha. Picha ya CT huionyesha, na daktari wa upasuaji akiitoa, wazee wengi hurudi kuwa wenyewe. Picha ikiwa safi, apimwe upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo, kaswende na virusi vya Ukimwi. Usione haya kwa ajili yake. Mpeleke leo, usingoje siku ya kliniki. Beba dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile za kienyeji ambazo hajamwambia daktari.