Kabla hujamwambia mtu "si mlimchagua wenyewe?"

Kila makato mapya yanapoingia kwenye mshahara, au bei ya mafuta inapopanda usiku wa tarehe 14, hutakosa mtu wa kusema: "Si mlimchagua wenyewe?" Husemwa kazini, husemwa kwenye matatu, husemwa matangani watu wakisubiri chai, na kwenye grupu la WhatsApp la familia husemwa na yule mjomba ambaye hajawahi kujibu hata salamu za asubuhi.

Nimebishana siasa za urais wa Kenya tangu enzi za "Kibaki Tosha", kaulimbiu ya 2002, na sina mpango wa kuacha. Wala sikushauri wewe uache. Ila nimejifunza kubishana bila kupoteza watu, na karibu yote niliyojifunza yanarudi hapa: kura ya mtu ipime kwa karatasi aliyopewa siku ile, na maafikiano ya wakubwa yaliyofuata uwadai wakubwa wenyewe. Mpiga kura hakuitwa kwenye kikao.

Chukua mwaka wa 2022. Karatasi ya urais ilikuwa na majina manne. Wajackoyah na bangi yake na nyoka wake, pamoja na Waihiga Mwaure, hata ukiwajumlisha hawakufika asilimia moja, kwa hivyo tuseme ukweli, majina yalikuwa mawili. Sasa yatazame hayo mawili. Raila, aliyepigana na Ikulu miaka nenda miaka rudi, alikuja akiungwa mkono na Rais Uhuru Kenyatta. Ruto, naibu wa rais kwa miaka tisa, alikuja kama mtu wa nje, hasla, yaani mtu wa kujitafutia, mpinzani wa serikali ambayo bado ilikuwa inamlipa mshahara. Aliyeichukia Jubilee, serikali ya Uhuru na Ruto, angepiga kura wapi? Aliyeipenda je? Ukimwona mtu leo anasema 2022 ilikuwa rahisi, jua ameisahau.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alimpigia Ruto. Hakunificha. Nilidhani ni mambo ya wilibaro, alama ya chama cha Ruto, kumbe sivyo. "Shemeji," aliniambia, "mimi nimechoka kuchaguliwa rais na rais." Basi. Mimi nilimpigia Raila, na sababu yangu kubwa alikuwa Martha Karua pale pembeni yake. Mpaka leo siioni kura yake kuwa ya kipumbavu, na yangu pia sijaitubia.

Halafu angalia yaliyofuata. Juni 2024 vijana wakaingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, Bunge likavamiwa tarehe 25, rais akakataa kuutia saini, na Julai akalivunja baraza lake la mawaziri. Lililorudi lilikuwa na watu wa ODM, chama cha Raila: Mbadi kwenye Hazina, Wandayi kwenye Kawi, Joho kwenye Madini, Oparanya kwenye Vyama vya Ushirika. Oktoba mwaka huohuo Gachagua, mgombea mwenza wa Ruto, akang'olewa kwenye unaibu rais. Ikawa mimi niliyeshindwa chama changu kinasoma bajeti, na shemeji aliyeshinda yuko nje analalamika. Jioni moja akaniuliza, "Shemeji, hii serikali sasa ni yako au yangu?" Sikuwa na jibu. Tulicheka, lakini swali lenyewe si la mzaha, na yeyote anayetaka kusema "si mlimchagua" inafaa alijibu kwanza.

Ndiyo maana siku hizi simwulizi mtu, "Kwa nini ulimpigia yule?" Hilo ni swali la polisi, mtu atajitetea hata kwa yale asiyoyaamini. Namuuliza, "Siku ile ulikuwa unachagua kati ya nini na nini?" Hapo watu hufunguka. Mmoja atakwambia alikuwa anaikimbia familia fulani isirudi madarakani. Mwingine alifuata ahadi ya mbolea. Mwingine alimfuata mgombea wa ugavana, akamalizia juu kwa mtindo wa suti, chama kimoja kuanzia chini hadi juu. Unagundua hamkuwa mnabishana kuhusu jambo moja.

Kuna kosa ambalo ningeomba sana uliepuke: kusoma kura ya mtu kwenye jina lake la mwisho. Usiku wa uchaguzi wa 2022 tulisimama mlangoni mwa darasa lililokuwa kituo chetu, tukaimulika Fomu 34A, ile ya matokeo ya urais ya kituo, iliyobandikwa pale kwa tochi za simu. Kituo chetu kinajulikana ni cha nani. Lakini yule wa upande wa pili, ambaye kila mtu alidhani hana hata wakala wa kumlinda pale, alikuwa na kura thelathini na ushei. Watu wakaanza kutazamana. "Ni nani hawa?" mmoja akauliza, nusu kwa kicheko. Mama mmoja nyuma yangu akajibu, "Ni majirani zako." Kimya.

Nalitaja hilo kwa sababu miaka kumi na tano kabla yake swali lilelile halikuulizwa kwa kicheko. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao, na hakuna aliyeonyeshwa karatasi ya kura ya mwenzake. Walisoma majina, lugha na lafudhi, wakahesabu wenyewe. Kwa hivyo ukimsikia mtu ofisini anasema "nyinyi watu wa huko mlimpa kura zote", mkatize, hata kama anatania. Hasa kama anatania.

Wazee nao wana yao. Usimbane mzee akwambie alimpigia nani, wala usimfanyie hivyo mbele ya wakwe. Wengi wao walipiga kura ya mlolongo mwaka 1988, wakapangwa foleni mchana kweupe nyuma ya picha ya mgombea, chifu anaangalia, jirani anaangalia, na kesho yake wote wanajua ulisimama wapi. Mtu aliyepitia hayo akikwambia "kura ni siri", hakwepi swali lako.

Tahadhari nyingine ni kumbukumbu. Watu husahihisha kura zao za zamani bila kujua. Kibaki alipata takriban asilimia 62 mwaka 2002 na Uhuru 31, yaani katika kila watu watatu waliopiga kura, karibu mmoja alikuwa na Uhuru na KANU, chama kilichokuwa madarakani. Wako wapi? Tangu nianze kuuliza, kila mtu alikuwa kwenye umati wa Kibaki siku ile pale bustani ya Uhuru Park, kila mtu aliimba. Siku hizi nikisimuliwa hivyo sibishi, natabasamu tu. Lakini ukiona mjadala wenu umesimama juu ya "mimi niliona mapema", ujue mko kwenye hadithi.

Na wasiopiga je? Hapa nina ukali kidogo. Mwaka 2022 waliojiandikisha walipita milioni 22, na karibu milioni 8 kati yao hawakufika kituoni. Hao ni wengi kuliko waliomchagua mshindi, aliyepata milioni 7.18. Mtu aliyebaki nyumbani siku ile kwa sababu alikuwa anafua nguo hana faida yoyote ya usafi juu ya shemeji yangu. Ila kuna kukaa nyumbani kwingine. Oktoba 26, 2017, kwenye uchaguzi wa marudio baada ya Mahakama ya Juu kuufuta ule wa Agosti, Raila alijiondoa na mimi sikwenda. Huo ulikuwa uamuzi, na nikiulizwa nautetea kama ninavyoitetea kura. Tofauti ya hao wawili utaijua kwa kumwuliza mtu sababu yake. Mwenye uamuzi hakosi sentensi moja.

Sasa maafikiano, maana hapa ndipo mabishano mengi huharibika. Upande mmoja utasema kila maafikiano ni usaliti. Upande wa pili utasema kila maafikiano ni amani. Wote wawili wanakwepa kazi.

Anayesema haafikiani na mtu naye mrudishe Desemba 1992. FORD, chama cha upinzani, iligawanyika, Matiba akaenda na FORD-Asili, Oginga Odinga na FORD-Kenya, Kibaki akawa na chama chake cha DP. Rais Moi wa KANU akashinda kwa takriban asilimia 36. Wapinzani kwa pamoja walikuwa na zaidi ya nusu ya kura zote na bado wakapeleka nyumbani kilio. Kila mmoja alikuwa na msimamo safi kabisa. Miaka kumi baadaye walipokubali kumeza mate na kusimama nyuma ya mtu mmoja, KANU iliondoka.

Anayesema maafikiano ni amani naye mwulize: yaliandikwa wapi? Hilo ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Mkataba wa 2002 kati ya NAK ya Kibaki na LDP ya kina Raila ulikuwa karatasi ya waungwana, isiyokuwa na mahakama ya kuulinda. Kibaki alipoingia Ikulu ukawekwa kando, na ugomvi wake ukaja kutokea kwenye kura ya maamuzi ya katiba ya Novemba 2005, Ndizi (Ndiyo) na Chungwa (Hapana). Linganisha na ule wa Kibaki na Raila wa Februari 28, 2008, Kofi Annan, mpatanishi, amesimama pale. Ule uliingizwa kwenye sheria na Bunge mwezi uliofuata, cheo cha waziri mkuu kikatiwa kwenye katiba, tume zikaundwa, na mwisho wake ukawa katiba mpya ya Agosti 2010. Nusu mkate, yaani serikali ile ya kugawana madaraka, tuliudhihaki, na ilistahili: baraza lilifura hadi mawaziri wapatao 40 na upinzani bungeni ukawa kama haupo. Lakini magavana unaowatukana leo walizaliwa na nusu mkate ule. Ukiniuliza mimi, yale ndiyo maafikiano pekee katika orodha hii ambayo mwananchi wa kawaida alitoka na kitu mkononi.

Salamu za Uhuru na Raila za Machi 9, 2018 kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya rais, zilituliza nchi, hilo halina ubishi. Wafanyabiashara nilioongea nao walipumua wiki ileile. Kisha zikazaa BBI, mpango wa kubadilisha katiba, na BBI ikaangushwa Mahakama Kuu, ikaangushwa Mahakama ya Rufaa, na Machi 2022 Mahakama ya Juu nayo ikaizima. Makubaliano ya UDA ya Ruto na ODM ya Raila yaliyotiwa saini katika jumba la KICC Machi 7, 2025 yana vipengele kumi, kikiwemo cha fidia kwa walioumizwa kwenye maandamano. Badala ya kubishana kama Raila aliuza au alinunua (naye alifariki Oktoba 2025, hawezi kukujibu), chukueni vile vipengele mvipitie kimoja kimoja: hiki kimefanyika, hiki bado, hiki kimesahauliwa. Mimi na shemeji tulifanya hivyo Jumapili moja baada ya chakula. Kwa mara ya kwanza tulikuwa tunakubaliana, na dada yangu akashangaa kimya kilichoingia nyumbani.

Swali la pili ninalouliza kuhusu maafikiano yoyote ni hili: nani amebaki kuihoji serikali? Wakubwa wakiingia wote, kazi hiyo huwaangukia watu wasio na ofisi wala walinzi. Juni 2024 iliwaangukia vijana wa miaka ishirini, na baadhi yao hawakurudi nyumbani. Yeyote anayeyasifu maafikiano bila kugusa hapo, simalizi kumsikiliza.

Uchaguzi ujao ni Agosti 10, 2027, na majina yameanza kuzungushwa. Ushauri wangu wa mwisho ni wa simu tu. Asubuhi ya kwenda kituoni, kabla wino haujagusa kidole, fungua ujumbe, ujitumie mwenyewe: nampigia nani, nilikuwa nachagua kati ya nani na nani, nataka kitu gani kimoja kutoka kwake. Chini yake uandike kile ambacho watu wengi hawakiandiki, yaani akiungana na nani baadaye nitahesabu kuwa hanihusu tena. Usimwonyeshe mtu. Mwaka 2030 mjomba akiuliza kwenye grupu, utakuwa na kitu cha kusoma kabla ya kuanza kuandika.