Nilinunua Prado kwa ajili ya mita 900 za tope

Kutoka kwenye lami ya Goba, Dar es Salaam, hadi getini kwangu ni mita 900. Nimezipima kwa gari, sikisii. Mwanzo ni tambarare, kisha unakuja mteremko wa udongo mwekundu, na chini yake kuna kikorongo ambacho kiangazi huwezi hata kukitambua. Masika yakiingia, pale panageuka sabuni. Mwaka wa kwanza tulipohamia nilikwama na IST yangu, kigari kidogo cha chini, mara nne, ya mwisho nikiwa nimeshaoga, nimependeza, naelekea harusini.

Nikauza IST, nikachukua mkopo kazini, nikanunua Prado ya cc 2700 kutoka mkononi mwa mtu. Kila aliyeniuliza nilimjibu: tope. Sababu ya pili sikumwambia mtu. Nilikuwa nimepandishwa cheo, na kwenye vikao vya ukoo wetu watu hutazama kwanza umeshuka kwenye gari gani ndipo wanakusalimia. Mama mdogo alipoliona alilizunguka, akalipigapiga ubavuni kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, akasema, "Sasa hili ndilo gari." IST hakuwahi kuipigapiga.

Nilikaa nalo miaka mitatu. Nayaandika haya kwa sababu mdogo wangu wa kiume amenipigia simu juzi akitaka ushauri. Anaishi Tabata, lami mpaka karibu na mlango, yeye na mkewe na mtoto mmoja, na moyo wake uko kwenye Prado. Nilipoguna na kumwambia ni ubinafsi, akasema, "Dada, kwani ubinafsi uko wapi? Hela si yangu?" Nikamjibu kwa ukali, tukaishia kulaumiana. Hapa najaribu tena, taratibu.

Nianze na daftari, maana mimi ni mhasibu na ndivyo nilivyoanza kujistukia. Mwaka wa pili niliandika kila safari kwa mwezi mzima: nimekwenda wapi, tulikuwa wangapi, nimebeba nini, njia ilikuwaje. Siku 22 za kazi, Goba hadi Posta katikati ya mji na kurudi, kama kilomita 50 kwa siku. Katika hizo 22, siku 19 nilikuwa peke yangu na mkoba wangu. Siku tatu nilimbeba mwenzangu wa ofisini. Viti saba, na kiti cha nyuma kabisa kilikuwa bado kina nailoni aliyoiacha mwenye gari wa kwanza.

Mafuta nayapitia haraka kwa sababu kila mtu anayajua. Kwenye foleni ya Mwenge na Morocco, IST ilikuwa inanipa kilomita 12 kwa lita. Prado ilinipa sita, na hapo nimeiendesha kwa adabu. Kwa safari za kazini tu, tofauti ni lita 90 hivi kila mwezi. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa, kwa hiyo kila mwezi nilikuwa natupa angani zaidi ya kilo 200 za ziada ili mkoba wangu usafiri kwa raha. Tairi ni za 265 rimu 17, nne kwa mpigo zinakutoa jasho. Bima kubwa inakokotolewa kwa asilimia ya thamani ya gari. Na fundi, akishaona ni Prado, anaanza kukuita "mheshimiwa", na hapo ujue bei ya bushi imeshapanda.

Lakini haya yote ni maumivu yangu mwenyewe, na hapa mdogo wangu ana haki: hela yake, kilio chake. Ninachotaka akione ni yale ambayo wengine wanalipa na wewe hupati risiti.

Ukiwa juu kule unajisikia salama. Ni kweli, nami niliipenda hali hiyo, hasa usiku nikitoka kazini. Bodaboda zinakupisha, daladala zinafikiria mara mbili kabla ya kukuchomekea. Ilinichukua muda kutambua kuwa mimi nilikuwa nimeanza kuchomekea zaidi ya daladala. Sikuwa hivyo kwenye IST. Kuna kitu kinaingia mguuni unapojua kwamba mkigusana, atakayekwenda gereji ni yule mwingine.

Na mkigusana kweli si mchezo. IST ina uzito wa tani moja hivi, Prado yangu karibu mbili. Kwa mwendo uleule, uzito ukiwa maradufu, na nguvu ya kugonga ni maradufu. Halafu kuna kimo cha boneti. Gari la chini likimgonga mtu humpiga miguuni akaangukia juu ya boneti. Lenye pua ya juu na wima humpiga nyonga au kifua, na mtoto humpiga kichwa. Taasisi ya usalama barabarani ya kampuni za bima za Marekani, IIHS, ilitoa utafiti mwaka 2023: magari ambayo boneti yake imepita inchi 40 kutoka chini, yaani mita moja na kidogo, yana uwezekano wa asilimia 45 zaidi wa kumuua mtembea kwa miguu yanapomgonga, ukiyalinganisha na yenye boneti ya inchi 30 au chini na pua iliyolala. Sasa fikiria mji wetu, mahali ambapo watu wengi wanatembea ukingoni mwa lami kwa sababu njia ya miguu imejaa matofali, vitumbua na pikipiki zilizoegeshwa.

Mimi sikumgonga mtu, nashukuru. Ila asubuhi moja nilikuwa narudi nyuma kutoka getini, nimetazama vioo vyote vitatu, sijaona kitu. Dada wa kazi akapiga kelele ambayo bado naisikia. Mtoto wa jirani, hajafika miaka mitano, alikuwa amechuchumaa nyuma ya gari anaokota embe. Kwenye IST huenda ningeona angalau utosi wake. Kwenye Prado, na tairi la akiba limening'inia mlangoni, hakuwepo kabisa. Siku hiyo sikwenda kazini. Kesho yake nikaenda kufunga kamera ya nyuma.

Kuna na maji. Mvua ya Dar mnaijua. Nilipita barabara ya ndani kule Sinza, maji yamefika nusu ya tairi, najiona kama nahodha. Wimbi langu likavuka ukingo, likaingia kwa mama lishe mmoja, likabeba sufuria na jiko la mkaa. Nilimwona kwenye kioo, kaweka mikono kiunoni. Sikusimama. Kati ya mambo yote niliyofanya na gari lile, hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mtu atasema hayo ni makosa ya dereva, gari halina hatia. Nusu nakubali. Wapo madereva wa Land Cruiser waungwana kuliko mimi. Lakini hoja ya "hela yangu" inasahau kwamba barabara haikununuliwa kwa hela yako peke yako. Ndiyo maana Paris, Februari 2024, waliitisha kura wakaamua gari zito la petroli au dizeli, kuanzia tani 1.6, lilipie maegesho mara tatu ya mengine, euro 18 kwa saa katikati ya mji. Wenyeji wa mtaa husika wakasamehewa, na waliojitokeza kupiga kura walikuwa wachache mno, kwa hiyo siipambi sana. Ninachokipenda ni ile fikra kwamba nafasi ya mji ni mali ya watu, na anayechukua kubwa alipe kubwa.

Sasa nifike penye kidonda.

Mwezi wa tatu wa mwaka ule wa pili, majirani walianza kuchangishana kwenye kundi letu la WhatsApp ili tununue kifusi cha kumwaga mteremkoni. Kila nyumba elfu hamsini. Niliusoma ujumbe, nikapita. Nikakumbushwa. Nikaandika, "Mwezi huu umenibana, tutaangalia mwezi ujao." Haukuwa umenibana. Siku hiyohiyo nilikuwa nimetia mafuta ya laki na nusu. Ukweli ni kwamba tope lilikuwa limeacha kunihusu. Prado lilipita. Nilipokuwa na IST mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele kuliko wote kuhusu njia ile. Nilishafika hadi ofisi ya serikali ya mtaa na picha kwenye simu. Baada ya kununua gari kubwa, sikurudi tena.

Jirani yangu mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi. Asubuhi za masika alikuwa anapanda mteremko ule ameshika viatu mkononi, sketi ameikunja. Nilikuwa namsimamia kumpa lifti siku nikiwa na nafasi ya muda. Siku nyingine nilikuwa nampita tu, vioo vimefungwa kwa sababu ya kiyoyozi, nikimpungia.

Tangu hapo nikiuona msafara wa mashangingi ukipita kwenye barabara mbovu, swali langu limebadilika. Zamani nilikuwa nauliza yamegharimu kiasi gani. Siku hizi nauliza kama aliyekaa kiti cha nyuma anayajua mashimo haya. Shokapu zinamficha. Hawezi kupigania asichokihisi mgongoni.

Nitakuwa mwongo nisiposema upande wa pili. Usiku mmoja wa Aprili, saa nane, jirani alishikwa na uchungu. Bajaji ilifika kwenye lami ikagoma kushuka. Prado lilishuka, likapanda, tukafika hospitali, mtoto akazaliwa salama. Desemba tulikwenda nalo Same, watu wazima watano na watoto wawili, magunia ya mchele juu, na mwaka huo kulikuwa na msiba, likawa linapanda milima ya Pare kubeba wazee wasioweza kutembea. Siku hizo halikuwa gari kubwa kuliko mahitaji. Lilikuwa kipimo chake. Ndugu zetu wa Lushoto, wa Mbulu, wa Ludewa, wanaoishi mahali ambapo njia yenyewe inachagua gari, sisemi nao. Wala familia yenye Noah iliyojaa watu saba kila asubuhi. Hiyo kwa mtu mmoja mmoja inatumia mafuta kidogo kuliko Vitz ya mtu peke yake.

Lakini kuhusu ule usiku wa uchungu, nilipokuwa najisifu nyumbani, mume wangu aliniuliza kitu kimoja: "Kifusi kingekuwa kimemwagwa, si ile bajaji ingefika?" Sikumjibu. Nilikwenda kulala.

Kwa hiyo, mdogo wangu, ushauri wangu ndio huu. Usianze na gari, anza na daftari. Mwezi mzima, kila safari, idadi ya vichwa na hali ya njia. Ukiona viti vitano vinajaa mara nyingi, nunua la viti saba bila aibu. Ukiona ni wewe na mkoba, basi nunua gari la mwezi wako, siyo gari la Desemba yako. La Desemba linakodishwa, na hata ukilikodi wiki nzima na dereva, huenda bado hujafikia tofauti ya mafuta ya mwaka.

Kama ukinunua hata hivyo, na nakujua utanunua, basi funga kamera ya nyuma kabla ya kuvaa rimu mpya. Zile bomba za chuma za mbele zitoe, hapa mjini hakuna nyati. Usiku punguza taa. Wewe uko juu, taa zako za kawaida tayari zinamchoma machoni mwenye Passo, ukiwasha full umempofusha. Kwenye madimbwi nenda polepole kiasi kwamba anayetembea pembeni asirukwe na tone. Mpandishe jirani, kila siku, siyo siku ukijisikia. Na michango ya mtaa lipa kwanza wewe, kabla hujakumbushwa, hasa ile ya barabara ambayo gari lako haliihitaji.

Mimi nililiuza. Alilichukua mtu mwenye shamba kule Kiteto, alikuja na magunia ya mahindi ya kupimia kama yanaingia nyuma, nikafurahi. Nikarudi kwenye IST, nikalipa michango yangu ya nyuma, na kwenye kikorongo tukaweka kalvati na malori matatu ya kifusi. Masika iliyopita nilikwama mara moja, pale palepale. Mwalimu na wanawe wawili walinisukuma, tukachafuka wote. Mama mdogo bado ananiuliza lile gari liko wapi, na namwambia liko gereji.

Halafu Desemba hii tukodi moja. Twende Same sote, na mkeo na mtoto, na mama mdogo akae mbele alipigepige dashibodi. Mafuta juu yako.