Kabla hujampa mtu kipaza sauti: kwa wainjilisti wapya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Nawaandikia ninyi mlioanza kazi mwaka huu, mliotoka chuoni juzi na kupangiwa mitaa ya sharika zetu. Jana nilisali kwenye mtaa wa mmoja wenu, nikakaa benchi la nyuma pamoja na akina mama wenye watoto wachanga. Mahubiri yalikuwa na moto na mimi mwenyewe niliitikia amina. Kisha mhubiri akasema Biblia imeandika "usiogope" mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Baada ya dakika chache akasema wanasayansi wa NASA, shirika la anga la Marekani, wameiona kwenye kompyuta ile siku ya Yoshua iliyopotea, siku ambayo jua lilisimama. Mwisho akamwita mbele kijana aliyesema amefunguliwa kifafa, akampa kipaza sauti, vigelegele vikapigwa. Hakuwa amemwuliza swali hata moja.

Nilirudi nyumbani sikula. Makosa yote matatu nimewahi kuyafanya, na la tatu nalibeba hadi leo. Basi someni.

1. Kanisa ni nguzo. Andiko mnalijua kwa moyo, 1 Timotheo 3:15, "kanisa la Mungu aliye hai, nguzo na msingi wa kweli." Mnalinukuu sana mkitaka watu wanyamaze. Kumbukeni lakini Timotheo aliachwa wapi: Efeso, mji wenye hekalu la Artemi, ambalo Plinio, mwandishi wa Kirumi, aliandika kuwa lilikuwa na nguzo 127. Mtu wa Efeso hakuhitaji kuelezwa kazi ya nguzo. Inasimama pale ilipowekwa na inabeba kitu ambacho haikukitengeneza. Kweli hatukuitunga sisi. Tumekabidhiwa, kama Yuda anavyosema katika waraka wake, "mara moja tu". Mhubiri anayeongeza chumvi ili neno likolee ameshasahau kwamba mzigo si wake.

2. Hakikisha kabla hujasema. Chukua Itifaki ya Biblia, kile kitabu kinachoonyesha kila neno liko mistari gani, hesabu "usiogope" na "msiogope" zote, uone kama utafika hata karibu na 365. Habari ya NASA imezunguka duniani tangu kabla hamjazaliwa, na haijawahi kuwa kweli. Lile lango dogo la Yerusalemu linaloitwa Tundu la Sindano, ambalo ngamia alipita kwa kupiga magoti, halina ushahidi wowote. Tena linaua andiko lenyewe, kwamba ni rahisi ngamia kupenya tundu la sindano kuliko tajiri kuingia ufalme wa Mungu: kama lingekuwapo, wanafunzi wasingeshangaa na kuuliza, "Ni nani basi awezaye kuokoka?"

Mtasema hayo ni mambo madogo. Fikirini yule binti wa kidato cha nne aliyekaa safu ya tatu. Anafika nyumbani, anafungua simu, anatafuta habari ya siku ya Yoshua, anakuta ni uongo. Jumapili ya Pasaka utasimama pale pale umwambie kaburi lilikuwa tupu. Kwa nini akuamini? Kanisa limetunza habari ya kaburi tupu karibu miaka 2,000, watu wamekufa kwa ajili yake, halafu wewe unaiweka kapu moja na ujumbe uliotumiwa kwenye simu saa nne usiku.

3. Soma mstari wa juu na wa chini. Yeremia 29:11, ile ya "mawazo ya amani", ni tamu, lakini mstari wa 10 unasema miaka sabini Babeli. Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu," inatoka kinywani mwa mfungwa anayezungumzia kushiba na kuona njaa. Usiipeleke kwenye mtihani wa taifa.

4. Ushuhuda. Hapa nivumilieni, nitakaa.

Ilikuwa mwaka 2012. Nilikuwa na miaka miwili kazini, mtaa wangu unakua, na nilipenda kusikia watu wakisema mtaa ule una nguvu. Tuliandaa mkutano wa injili wa siku tano kwenye uwanja wa shule ya msingi. Siku ya nne, wakati wa maombezi, alikuja mbele mama mmoja wa kwaya yetu. Alikuwa sauti ya kwanza, na akianzisha pambio watu waliokuwa nje walikuwa wanaingia. Miezi kadhaa kabla alikuwa amekohoa mpaka akakonda, akapimwa makohozi, akaanzishiwa dawa za kifua kikuu. Siku ile alikuwa kwenye wiki ya sita. Kikohozi kimekata, mashavu yamerudi, analala usiku kucha. Akasema mbele ya uwanja mzima kwamba Yesu amemponya.

Mliosoma vipeperushi vya zahanati mnajua tayari kilichokuwa kinatokea mwilini mwake. Dawa zile ni za miezi sita. Mgonjwa huanza kujisikia mzima mapema sana, naye bado ana vijidudu. Kila muuguzi analijua hilo na kila mgonjwa huambiwa. Mimi sikuuliza. Nilichukua kipaza sauti kutoka mkononi mwake, nikasema maneno haya, nayakumbuka yote: "Mungu akiponya anaponya kabisa! Shetani asikurudishe kwenye vidonge!"

Uwanja ulilipuka. Mama alilia kwa furaha. Usiku ule, alivyokuja kuniambia baadaye, alimwaga vidonge vyote chooni.

Nilionywa, na hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi. Mzee wa kanisa mmoja, mama mkunga aliyestaafu, alinifuata siku ileile tukikunja maturubai. Akaniuliza kwa upole, "Mwinjilisti, ulimwuliza amebakiza miezi mingapi ya dawa?" Nikamjibu kwa andiko. Nilimwambia, "Mama, kwa kupigwa kwake sisi tumepona." Aliniangalia kidogo, akaendelea kukunja turubai. Yule mama alikuwa amewahudumia wagonjwa tangu kabla sijazaliwa, na mimi nilimfunga mdomo kwa Isaya.

Mwezi wa tano baada ya mkutano kikohozi kilirudi. Safari hii vipimo vilionyesha kifua kikuu sugu, kile kisichosikia dawa za kawaida. Matibabu yake wakati ule yalikuwa karibu miezi ishirini, na sehemu ya kwanza ilikuwa sindano, miezi mingi ya sindano. Mtoto wake wa darasa la nne naye akapimwa, akakutwa ameambukizwa, akaanza dozi yake mwenyewe. Sindano zile zilikuwa na madhara yanayojulikana, yanashika masikio. Kwanza yalianza kuvuma. Baadaye sauti za juu zikaanza kupotea: ndege, filimbi, kengele ya baiskeli. Mwisho sauti ya kwanza yenyewe. Alitoka hospitali amepona kifua, na hasikii tena noti aliyokuwa akiimba.

Nilikwenda kumwona wodini. Alikuwa amevaa barakoa, mimi pia, tukabaki macho kwa macho. Hakunilaumu. Alisema, "Mwinjilisti, niliona nikimeza dawa nitakuwa nimemkana Mungu. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Nilipotoka pale sikumwambia mtu yeyote kwa wiki tatu. Nilihubiri Jumapili tatu mfululizo, moja ikiwa juu ya nuru na giza. Hatimaye nilikwenda kwa mchungaji wa usharika nikitegemea ataniombea, yaishe ofisini. Aliniombea kweli. Kisha akasema, "Ulisema kwenye kipaza sauti, utasahihisha kwenye kipaza sauti."

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, nilisimama. Nilisema kwamba niliyoyatamka uwanjani yalikuwa uongo, kwamba Mungu hakunituma kuyasema, na kwamba mtu yeyote aliyeacha dawa kwa sababu yangu arudi hospitali kesho asubuhi. Magoti yalikuwa yanagongana. Nilidhani nimemaliza utumishi.

Baada ya ibada, mnada wa sadaka ukiendelea pale nje, alinivuta kando baba mmoja: alikuwa ameacha vidonge vya presha tangu mkutano ule. Jioni akaja dada mmoja nyumbani, akakaa muda mrefu bila kusema, halafu akamwambia mke wangu kwamba ameacha ARV. Wawili hao walikuwa wanakaa mbele yangu kila Jumapili, wamejificha ndani ya ushuhuda nilioutengeneza mimi, wakingoja kanisa liseme kweli ili wapate njia ya kurudi. Wote wawili wako hai.

Naamini Mungu anaponya. Nawaombea wagonjwa kila wiki, nimeona mambo ambayo sina maelezo yake, na sitamruhusu mtu aninyang'anye hayo. Lakini Paulo yuleyule aliyewaponya watu aliandika, "Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi." Hakumwita Trofimo mtu asiye na imani. Alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Alimwita Luka tabibu mpendwa, wala hakumwambia aache utabibu. Nilikuwa nimeyasoma yote hayo chuoni, na nilifaulu mtihani wake.

Sasa utaratibu, nao ni mfupi. Anayetaka kushuhudia, kaa naye kwanza pembeni. Mwulize alikuwa anaumwa nini, nani alimpima, anatumia dawa gani, na daktari amesema nini baada ya hapo. Kama hajarudi kupimwa, mwambie arudi, ushuhuda utasubiri. Uponyaji wa Mungu hauharibiki ukikaa wiki tatu. Yesu mwenyewe aliwaambia wenye ukoma waende wakajionyeshe kwa makuhani.

5. Soma mashairi ya kwaya kabla hayajaimbwa. Watu watasahau mahubiri yako wakifika getini, wimbo wataondoka nao hadi jikoni. Ario, kasisi wa Aleksandria, alilijua hilo karne ya nne: fundisho lake kwamba Mwana ameumbwa alilitia kwenye nyimbo zikaimbwa na mabaharia. Mtaguso wa Nikea, mkutano mkuu wa maaskofu, ulikaa mwaka 325, ukalikataa fundisho lile, lakini nyimbo hazikuisha siku ile. Athanasio, askofu wa Aleksandria aliyempinga Ario, alifukuzwa mjini kwake mara tano, jumla yake kama miaka 17, kwa kuling'ang'ania neno moja kuhusu Kristo ni nani. Ile imani ya Nikea mnayoiharakisha siku za sikukuu ili muwahi matangazo, ilitunzwa na watu waliolala ugenini. Isomeni polepole.

6. Wasikilizeni wazee wa kanisa, hasa wale wasiojua kusema kwa ufasaha. Nimeshaeleza kwa nini.

7. Kipaimara msikigeuze kukariri tu. Luther aliandika Katekismo Ndogo mwaka 1529 baada ya kutembelea sharika na kukuta watu hawajui hata Baba Yetu, na wachungaji wengine vilevile. Akaweka swali lilelile kila baada ya kifungu: maana yake nini? Mwanafunzi wako akizoea kukuuliza hivyo, usikasirike, umefundisha vizuri. Waberoya wa Matendo 17:11 waliitwa waungwana kwa sababu walimchunguza hata Paulo.

Nawaambia hili nikiwa na uchungu. Machi 2000 kule Kanungu, Uganda, waumini wa kikundi kimoja waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Mwaka 2023 msituni Shakahola, Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na wengi inaelezwa walifunga kula hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mambo ya mahakama nayaacha mahakamani. Mimi najiuliza kuhusu sisi: wale watu wengi wao walilelewa kwenye makanisa kama haya yetu. Je, kuna mahali popote walifundishwa kwamba mtumishi anaulizwa swali? Au waliondoka kwetu wakijua kuitikia amina tu? Mimi nilihitaji sentensi moja na kipaza sauti kibovu cha kukodi, na watu watatu wakaacha dawa.

8. Mapato ya sadaka yasomwe kwenye matangazo kama yalivyo, hata yakiwa aibu.

Alhamisi saa kumi jioni nawasubiri nyote nyumbani kwangu. Njooni na maandalio ya Jumapili, Biblia, na Itifaki kwa aliye nayo. Mke wangu atapika maandazi, tutakaa mpaka giza. Tutasoma kila mfano mliouandaa na kila mmoja ataeleza ameutoa wapi.

Na wewe uliyehubiri jana, unajijua. Sikukusema kwa jina na sitakusema. Una kipawa, na nilimshukuru Mungu kwa ajili yako hata nikiwa nimeinamisha kichwa. Baada ya ibada nilimtafuta yule kijana wa kifafa, nikaambiwa ameshapanda bodaboda. Wewe unapajua kwao. Usingoje Alhamisi. Nenda leo, kabla hajalala, ukamwulize kama vidonge vyake bado anavyo, na kama amemeza vya jioni hii.