Kabla hujachora duara la saa 24, kagua saa zenyewe

Wadogo zangu mnaoanza kazi za kamera za kutegea wanyama, najua mkishapokea tu kadi ya kwanza kutoka porini mnachotaka kukiona ni ile grafu ya duara inayoonyesha mnyama anatoka saa ngapi, na siwalaumu, ni grafu nzuri kweli. Kwenye R, ile programu ya takwimu, kuichora ni mistari minne mitano tu, unatengeneza nguzo za kawaida za ggplot2 (pakeji ya kuchora grafu) halafu unaongeza coord_polar, basi imejikunja. Kazi ipo kwenye saa zenyewe, maana duara linapendeza hata kama data ya ndani imeharibika, unaweza ukalitazama wewe na msimamizi wako wote mkaridhika na ripoti ikaenda.

Chukua wastani. Tuseme fisi kapigwa picha mara tano, saa 22, 23, 0, 1 na 2. Ukitumia mean ya kawaida inakupa 9.6, yaani saa tatu na dakika 36 asubuhi, wakati ukizitazama tu hizo namba unaona huyu ni fisi wa saa sita usiku. R imefanya ilichoambiwa, imepewa namba za mstari ulionyooka wakati saa inazunguka na 23 na 0 ni majirani. Kwa hiyo kila saa inabidi igeuzwe iwe pembe, unazidisha kwa 15 kwa sababu digrii 360 ukigawa kwa 24 unapata 15, halafu wastani unatafutwa kwa sin na cos za hizo pembe. Pakeji ya circular inakufanyia yote hayo, unaiambia units ni hours na template ni clock24, na hiyo template usiiache, bila hiyo sifuri inakaa upande wa kulia na saa zinaenda kinyume na saa ya ukutani kama pembe za hesabu za shule.

Ila hata huo wastani sahihi usiukimbilie. Mnyama anayetoka sana saa 12 asubuhi na tena saa 12 jioni, pembe zake zinatazamana moja kwa moja zinafutana, na ile namba inayoitwa rho, inayopima saa zimejikusanya pamoja kiasi gani na inakwenda 0 mpaka 1, itakuwa karibu na sifuri. Hapo wastani wowote utakaoandika hauna maana, andika vilele viwili basi. Jaribio la Rayleigh, la kuangalia kama saa zina mpangilio, nalo ni hivyo hivyo, linatafuta kilele kimoja, kwa mnyama wa vilele viwili vinavyotazamana linaweza likakwambia hakuna mpangilio wowote wakati unauona kwa macho.

Sasa saa zenyewe zinatoka wapi? Kamera inaandika saa uliyoiseti wewe, haijui iko nchi gani. R ikisoma ile safu mara nyingi inaichukulia kuwa ni UTC (saa ya marejeo ya dunia, iko nyuma ya yetu kwa saa tatu), na kijana akiona UTC anashtuka anaigeuza kwa with_tz ya pakeji ya lubridate iwe Africa/Dar_es_Salaam, hapo kila picha imesogea saa tatu mbele na simba wa saa nne usiku amekuwa wa saa saba. Kama kamera ilisetiwa kwa saa za hapa, tumia force_tz, hiyo inabadilisha jina la ukanda tu na saa inabaki ilivyo. Na kila ukibadilisha betri piga picha ya kwanza ukiwa umeshika simu inayoonyesha saa na tarehe mbele ya lenzi, kuna kamera zikikosa umeme zinarudi tarehe ya kiwandani na bila ile picha huna pa kuzirekebishia.

Daftari za askari wa wanyamapori na mahojiano ya vijijini ndizo zinahitaji uangalifu zaidi, maana watu wanaandika saa kama tunavyozitaja. Saa nne usiku ni 22, ya mchana unaongeza 6 na ya usiku unaongeza 18 na ukifika 24 au kuzidi unatoa 24, rahisi. Lakini usiandike kodi (maagizo ya R) inayofuata neno jioni bila kufikiri, kwa sababu saa 11 jioni ni 17 (umeongeza 6) na saa moja jioni ni 19 (umeongeza 18), na saa 12 asubuhi ni 6 wakati kodi yako ya kuongeza 6 itaipeleka 18, upande wa pili kabisa wa duara. Hizo za saa 12 zipitie moja moja kwa macho.

Halafu tembo akisimama mbele ya kamera akila kwa dakika ishirini utapata mapicha kibao, hiyo sio shughuli kibao. Wengi wanahesabu tukio jipya baada ya nusu saa kupita kwa spishi hiyo kwenye kamera hiyo, chagua muda wako na uuandike kwenye ripoti.

Ukifika kuchora, geuza saa kuwa factor (data ya makundi) yenye levels, yaani makundi, 0 mpaka 23 na kwenye scale_x_discrete weka drop iwe FALSE. Usipofanya hivyo na saa 13 haina picha hata moja, ggplot2 inaiondoa kimya kimya, duara linagawanywa kwa 23 na kila saa inayofuata imekaa sio pake. Ukitaka nguzo ya saa 0 ikae katikati juu kabisa weka start ya coord_polar iwe -pi/24. Na kwa nguzo scale_y_sqrt, inayopima urefu kwa kipeuo cha pili, ni lazima kwa maoni yangu, kwa sababu kipande cha picha 20 kina urefu mara mbili ya cha picha 10 ila eneo lake ni mara nne, na jicho linasoma eneo. Florence Nightingale alilizingatia hili kwenye michoro yake ya vifo vya askari wa Crimea mwaka 1858, vipande vyake vinasomwa kwa eneo. Ile rose.diag ya pakeji ya circular, inayochora duara hili, inaanza na sqrt yenyewe.

Kwa mazoezi hamna haja ya kusubiri kadi zenu. Data za Snapshot Serengeti, mradi ulioanza 2010 na kamera 225 kwenye kilomita za mraba 1,125, ziko wazi kwa kila mtu. Pakeji ya overlap, ya kulinganisha saa za shughuli za wanyama, nayo inakuja na kerinci, data za Sumatra, ila humo muda umeandikwa 0 mpaka 1 kwa siku nzima, zidisha kwa 2*pi kwanza. Na mkitaka kulinganisha wanyama wawili, chui na swala tuseme, duara liacheni, viduara viwili pembeni kwa pembeni havisomeki. Tumieni overlapPlot ya mstari, na kama wote ni wa usiku weka xcenter iwe midnight, usiku mzima unakaa katikati bila kukatwa.