Vita mezani: watu wa nyuma waone nini?

Ndugu, umeuliza utafanyaje igizo lako la kejeli ya vita, la askari wa plastiki na vigari vya makopo, lionekane hadi safu ya nyuma hapo Bagamoyo. Usinunue wanasesere wakubwa. Udogo wa askari ndio kejeli yenyewe: jenerali awe mdoli wa sentimita 30, askari wawe wa ukubwa wa kidole gumba chini yake.

Tumia simu na projekta: kamera ya simu ichukue meza, projekta ioneshe picha hiyo kubwa ukutani. Weka lenzi usawa wa macho ya askari, kisha funga fokasi, yaani kamera isijirekebishe yenyewe. Usipoifunga, kila mkono ukiingia picha inapata ukungu. Unganisha kwa waya, maana bila waya picha huchelewa na mlio wa bomu hutangulia.

Askari anahitaji kijiti cha kumchezeshea, lakini gundi ya supa haishiki plastiki yake laini. Pasha moto ncha ya spoku ya baiskeli, itoboe kitako cha askari, shikilia mpaka ipoe. Fanyia nje, moshi wake ni mbaya.

Mchanga wa pwani ukiwa mkavu huwafukia askari wote. Unyunyizie maji kidogo tu ushikamane. Moshi wa bomu ufanye kwa pamba iliyochambuliwa, uivute kwa uzi. Unga usirushe kabisa karibu na mshumaa, vumbi lake hulipuka kweli.

Na muhimu kuliko yote: wachezeshaji wasicheke. Jenerali akigawa nishani kwa visoda, nyuso zenu ziwe za msibani. Mkicheka nyinyi, watazamaji wataona mchezo wa watoto, hawataiona vita.