Ukikimbia kushoto, mtutu ubaki kwenye tuta

Kaka wa Moshi, umeuliza kwa nini mkufunzi anakufokea ukikimbia kwenda kushoto huku unabadilisha magazini (kasha la risasi) ya bastola, wakati hakuna risasi iliyotoka. Ana haki. Katika mashindano ya IPSC, shirikisho la kimataifa la upigaji shabaha kwa vitendo, mtutu ukipita nyuzi 90 kutoka kwenye tuta la nyuma ya shabaha unatolewa papo hapo, bastola iwe na risasi au isiwe nazo.

Unatumia mkono wa kulia, kwa hiyo kushoto ndiko kubaya zaidi. Mwili ukigeuka, mikono inaufuata. Ukiilaza bastola kuingiza magazini mpya, mtutu unawaangalia wenzako waliosimama pembeni. Kiuno na miguu vielekee unakokwenda, mikono ibaki upande wa tuta. Inua bastola mbele ya kidevu, si tumboni, uone kwa macho yako mtutu umeelekea wapi. Kidole kilale ubavuni mwa bastola, nje kabisa ya kile chuma kinachozunguka triga.

Anza nyumbani. Toa magazini, kagua chemba (pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa) kwa macho na kwa kidole, risasi zote zikae chumba kingine. Elekea ukuta unaoweza kuzuia risasi, tena usiwe wa upande wa jirani (mbao hazizuii kitu). Tembea polepole mno. Kasi itakuja baadaye, na mimi nisingekuruhusu kukimbia kabla hujazoea. Huku Arusha, kwenye mazoezi yetu, mwenzako anasimama nyuma yako na kazi yake ni moja tu, kuutazama mtutu. Mwombe mkufunzi wako akupangie mtu wa namna hiyo.