Mikataba tuliyorithi: bandari, mipaka na watuhumiwa

Tanganyika ilipopata uhuru, ilifungwa na kila mkataba aliosaini Mwingereza?

Hapana. Makoloni kadhaa yalikubaliana na Uingereza kurithi yote kwa mkupuo, lakini Nyerere alikataa. Desemba 1961 aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba ya nchi mbili itaendelea kwa miaka 2 tu, ikipitiwa mmoja mmoja. Usiothibitishwa wala kujadiliwa upya ungekufa, isipokuwa ule ambao sheria ya kimataifa yenyewe inaulinda.

Chukua bandari. Mwaka 1921 Uingereza iliipangisha Ubelgiji maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, milele, kwa faranga 1 kwa mwaka. Tanganyika ilikataa, na hoja yake naiona imara hadi leo: Mwingereza alikuwa msimamizi aliyekabidhiwa nchi, hakuwa mwenye nchi. Msimamizi hawezi kupangisha nyumba kwa muda unaozidi usimamizi wake. Julai 1962 mkataba wa maji ya Nile wa 1929 nao ulikataliwa, na Uingereza, Misri na Sudan zikaarifiwa kwa maandishi.

Mbona basi mipaka ya Wajerumani na Waingereza haikuguswa?

Kwa sababu mpaka ukishawekwa na mkataba haufi pamoja na mkataba huo. Mwaka 1964, Cairo, wakuu wa nchi za Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) waliazimia kuheshimu mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru. Uamuzi huo umetuepusha na vita vingi, ila gharama yake inaonekana Ziwa Nyasa. Mkataba wa 1 Julai 1890 unapitisha mpaka kwenye ufuko wa mashariki, na Malawi imeushikilia. Tanzania inadai mpaka upite katikati ya maji. Kwa hesabu ya Malawi, mvuvi wa Mbamba Bay akisukuma mtumbwi tu majini, ameshatoka nchini.

Tuna mkataba wa kubadilishana wahalifu na Marekani?

Upo, nao ni wa 1931, uliosainiwa na Uingereza. Tanzania ilikubali kuuendeleza mwaka 1965. Jina hilo linapotosha: hakuna kubadilishana, na anayetakiwa mara nyingi bado ni mtuhumiwa.

Ombi la kukabidhiwa mtu hupita njia ya kibalozi hadi kwa Waziri, kisha kwa hakimu. Hakimu haamui kama mtu ana hatia. Anapima kama ushahidi uliopo ungetosha kumpeleka mahakamani iwapo kosa lingetendwa hapa. Akiridhika, mtu huwekwa mahabusu, na ana siku 15 za kukimbilia Mahakama Kuu kabla ya kusafirishwa. Kosa la kisiasa halisafirishi mtu, na akishafika huko hapaswi kushtakiwa kwa kosa jingine alilotenda kabla.

Maombi mengi hukwama kwenye makaratasi: nyaraka zisizothibitishwa ipasavyo, au kosa lisilolingana na sheria ya hapa. Kenya, ombi la Jersey, kisiwa kilicho chini ya Taji la Uingereza, lilikwama kwa miaka kwenye swali la nani afungue shauri, Mwanasheria Mkuu au Mkurugenzi wa Mashtaka. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ilisema ni Mkurugenzi wa Mashtaka.

Je, Zanzibar inaweza kusaini mkataba wake yenyewe?

Hati za Muungano za 22 Aprili 1964 ziliweka mambo ya nje kati ya mambo 11 ya Muungano. Ndiyo maana Zanzibar, iliyojiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, mwishoni mwa 1992, ilijitoa mwaka 1993.